Nyonga Isiyokaa Sawa kwa Mtoto Mchanga: Dalili na Uchunguzi

Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo kama mpira, na hukaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Kwa baadhi ya watoto kikombe hicho hakina kina cha kutosha, hivyo kichwa cha paja hulegea au hutoka kabisa mahali pake. Mtoto haumwi. Ananyonya, analala na kurusha miguu kama wenzake, ndiyo maana wengine hugundulika wakishaanza kutembea, tena kwa kuchechemea.

Wasichana hupata tatizo hili zaidi. Hatari huongezeka pia kwa mtoto aliyetanguliza matako tumboni, hata kama alizaliwa kwa upasuaji, na kwa mtoto ambaye mzazi au ndugu yake aliwahi kuwa nalo.

Unachoweza kuona nyumbani

Unapobadilisha nepi, mlaze chali, mkunje magoti, kisha tanua mapaja polepole bila kulazimisha. Paja moja likifunguka kidogo kuliko lingine, mpeleke kliniki. Fanya hivyo pia kama mguu mmoja unaonekana mfupi. Mikunjo ya ngozi ya mapaja isiyolingana, peke yake, isikutishe. Watoto wengi wasio na tatizo wanayo. Ugumu ni pale nyonga zote mbili zinapoathirika, maana huna upande wa kulinganisha. Mtoto huyo akianza kutembea huyumba kama bata.

Kliniki

Mtoto hukaguliwa nyonga anapozaliwa. Kama hujui kama wako alikaguliwa, uliza unapompeleka chanjo ya wiki 6. Sema tu, "Naomba umwangalie nyonga." Mnyonyeshe kwanza, kwa sababu mtoto anayelia hukaza misuli na mpimaji hawezi kuhisi mfupa ukiteleza. Aliyetanguliza matako afanyiwe ultrasaundi hata kama mkono haukuhisi kitu. Eksirei hufaa zaidi kuanzia miezi 4 hadi 6, kwani kabla ya hapo kichwa cha paja bado ni gegedu na hakionekani vizuri.

Kubeba na kufunika

Kumbeba mgongoni kwa kanga, mapaja yakiwa yametanuka na magoti yamekunjwa, ni mkao mzuri kwa nyonga. Kinachodhuru ni kumviringisha kwa nguvu miguu ikiwa imenyooshwa. Huko Japani, kampeni iliyoanza 1975 ya kuacha desturi hiyo ilipunguza sana watoto wenye tatizo. Bibi akitaka kumkanda mjukuu, akande, ila asiivute miguu inyooke.

Matibabu

Likigundulika kabla ya miezi 6, wengi hutibiwa kwa mikanda laini inayoshikilia mapaja yakiwa yamekunjwa na kutanuka, mara nyingi kwa wiki 6 hadi 12. Likichelewa, huenda akahitaji plasta au upasuaji. Mikanda isifunguliwe wala kulegezwa nyumbani bila maelekezo. Ikimchubua au akiacha kurusha mguu, rudi hospitali siku hiyohiyo.