Sauti ya Kijiji Mbele ya Mabaraza ya Mataifa

Wahenga walisema: Asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii twaitumia tunapogawana shamba la marehemu au nyama ya mawindo. Lakini yafaa pia kwa mambo makubwa ya dunia. Huko Berlin, tangu Novemba 1884 hata Februari 1885, wajumbe wa dola 14 walikaa mezani wakazungumza habari za mto Kongo na biashara yake. Mwafrika hata mmoja hakuwa miongoni mwao. Matokeo yake twayajua: nchi yetu ikawa milki ya mtu mmoja, Leopold II, mfalme wa Wabelgiji.

Je, tangu siku zile mtu wa kijijini amepata njia gani ya kusikiwa katika mabaraza ya mataifa? Sisi wa Makobola, tunaokaa kando ya Ziwa Tanganyika katika barabara itokayo Uvira kwenda Baraka, tuna sababu yetu ya kuuliza swali hilo. Wengi wetu husema: “Geneva ni mbali, New York ni mbali zaidi, maneno yetu yatafikaje huko?” Basi, ndugu msomaji, tutazame pamoja historia, tuone kama ndivyo ilivyo.

Vijiti mia na kumi

Katika utawala wa Leopold watu walilazimishwa kuleta utomvu wa mpira kutoka porini, na waliopungukiwa na kipimo waliadhibiwa vikali. Wamisionari wengine waliokaa kule waliandika barua na kupiga picha. Mwaka 1903 Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alisafiri mtoni akawasikiliza watu, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1904. Mwaka uo huo E. D. Morel alianzisha chama kule Uingereza cha kudai matengenezo ya Kongo. Kelele zikazidi, hata Leopold akalazimika kuituma tume ya waamuzi watatu kuja kuwasikiliza mashahidi.

Ndipo alipokuja mbele yao Lontulu, mkubwa wa Bolima. Hakuleta maneno matupu. Aliweka mezani vijiti 110, kila kijiti kwa mtu mmoja wa watu wake aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Akavigawa mafungu manne: wakubwa, wanaume, wanawake na watoto. Kisha akashika kijiti kimoja kimoja, akawataja wafu wake kwa majina.

Ripoti ya tume ilitangazwa mwaka 1905, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiacha Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Lakini maneno yenyewe ya mashahidi hayakuchapwa. Yalifungiwa katika nyaraka za serikali muda wa miaka mingi. Yashike mambo haya mawili, msomaji: shahidi aliyehesabu kwa majina, na sanduku lililofungwa. Tutayakuta tena mbele.

Mto mmoja, haki mbili

Baada ya vita kuu ya pili, mwaka 1945, Umoja wa Mataifa ulianzishwa. Nchi zilizokuwa chini ya udhamini wake zilipewa haki ambayo koloni za kawaida hazikuwa nayo: ibara ya 87 ya Mkataba wa Umoja iliruhusu Baraza la Udhamini kupokea maombi na malalamiko kutoka nchi hizo, na kutuma wajumbe kuzitembelea. Tanganyika ilikuwa mojawapo. Ruanda-Urundi nayo vilevile.

Tazama basi ajabu yake. Mbelgiji alitawala ng’ambo zote mbili za mto Ruzizi. Mtu wa Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, alikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yake New York. Mtu wa Uvira au wa Fizi hakuwa na haki hiyo, kwa kuwa Kongo iliitwa koloni. Ziwa ni lile lile, na mtawala ni yule yule. Ila mmoja alikuwa na mlango wa kubisha, na mwenzake hana.

Wameru wa Tanganyika waliubisha mlango huo. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng’ombe. Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet, mwenzao, aende New York pamoja na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Mwaka 1952 kilio cha Ngare Nanyuki kilisikika katika Umoja wa Mataifa. Kamati ya Nne iliwaunga mkono, lakini katika Baraza Kuu kura hazikutimia theluthi mbili. Wameru hawakurudishiwa ardhi yao mwaka ule.

Je, safari ilikuwa bure? Hapana. Kirilo Japhet aliporudi alizunguka katika Tanganyika akiwaeleza watu aliyoyaona na aliyoyasikia, na wengi wakafahamu kwamba serikali ya kikoloni nayo yaweza kuulizwa hesabu. Tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere, mwalimu wa shule ya St. Francis, Pugu, na rais wa TANU, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini. Mwaka 1961 Tanganyika ikawa huru.

Habari ya Makobola

Sasa tuje kwetu. Tangu tarehe 30 Desemba 1998 hata tarehe 2 Januari 1999, watu waliuawa katika Makobola II na vijiji vya jirani: Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa baadaye yasema waliouawa walizidi 800, na kwamba waliofanya hayo ni askari wa waasi wa RCD pamoja na askari wa Rwanda na wa Burundi. Sitaeleza namna walivyouawa. Wenye kujua wanajua, na wenye kulia wangali wanalia.

Nataka kueleza jambo jingine: habari ilivyosafiri. Siku zile barabara zilikuwa hatari, na wenye silaha ndio waliotawala nchi. Hata hivyo, katika siku za kwanza za Januari 1999 shirika la habari la MISNA, lililoanzishwa Roma mwaka 1997 na mashirika ya wamisionari, lilitangaza kwamba watu wapatao 500 wameuawa Makobola. Waasi walikana. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Roberto Garretón, mjumbe maalum wa Umoja wa Mataifa wa haki za binadamu katika Kongo, aliliandika katika ripoti yake ya mwaka ule. Na tarehe 9 Aprili 1999 Baraza la Usalama, katika azimio lake la 1234, lililaani mauaji yaliyofanyika katika Kongo, likataka uchunguzi wa kimataifa, likiitaja waziwazi mikoa ya kwetu, yaani Kivu ya Kusini.

Hesabu miezi, msomaji. Ni mitatu na siku chache tu tangu maziko hata Baraza la Usalama. Nani aliyelifikisha neno? Si balozi, wala si waziri. Ni watu wadogo: aliyekimbia akasimulia, aliyesikia akaandika, aliyeandika akapeleka. Hao ndio wanaoitwa leo mashirika ya raia.

Serikali ya Kongo nayo ilipeleka mashtaka mwaka 1999 mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, katika Gambia. Humo Makobola ilitajwa, na hesabu ya wafu ikaandikwa 612. Mwaka 2003 Tume iliamua kwamba Burundi, Rwanda na Uganda zilivunja Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu.

Sanduku lililofungwa

Toka mwaka 2008 hata 2009 Umoja wa Mataifa uliwatuma wachunguzi kuandika maovu makubwa yaliyofanyika katika Kongo tangu Machi 1993 hata Juni 2003. Walizungumza na mashahidi zaidi ya 1,280, wakakutana na mashirika ya raia zaidi ya 200, maana bila mashirika hayo wasingejua pa kuanzia. Matukio 617 yaliandikwa. Ripoti yao, ambayo kwetu yajulikana kwa jina la Mapping, ilitolewa tarehe 1 Oktoba 2010.

Lakini majina ya watuhumiwa hayakutangazwa. Yaliwekwa katika daftari la siri la Umoja wa Mataifa. Ni lile sanduku la mwaka 1905 limerudi! Daktari Denis Mukwege wa Panzi, alipopokea Tuzo ya Nobel kule Oslo tarehe 10 Desemba 2018, aliilalamikia dunia kwamba ripoti hiyo yaozea katika mtoto wa meza huko New York. Na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai haiwezi kuyashika mambo ya Makobola, kwa kuwa uwezo wake waanzia tarehe 1 Julai 2002.

Milango iliyo wazi

Hata hivyo si vema kusema kwamba milango yote imefungwa. Ibara ya 71 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa yaruhusu Baraza la Uchumi na Jamii kushauriana na mashirika yasiyo ya serikali. Zamani nafasi hiyo ilishikwa hasa na mashirika makubwa ya kimataifa. Tangu azimio la mwaka 1996, shirika la nchi moja laweza kuiomba. Leo mashirika yenye nafasi hiyo yapita 6,000. Tume ya Banjul nayo hupokea mashirika kama watazamaji. Katika Geneva, Baraza la Haki za Binadamu hulipima kila taifa kwa zamu, na mashirika ya raia huruhusiwa kupeleka maelezo yao. Kongo ilipimwa mara ya kwanza mwaka 2009.

Mlango ulio karibu zaidi uko Arusha. Kongo iliingia kamili katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa Julai 2022. Mkataba wa Jumuiya, ibara ya 30, wampa kila mkazi wa nchi mwanachama haki ya kupeleka mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kitendo cha serikali kinachovunja mkataba huo. Haki ambayo mtu wa Fizi aliikosa mwaka 1952, leo anayo. Lakini angalia: muda wa kupeleka shauri ni miezi miwili tu. Anayengoja mwaka mzima kuandika habari yake, atakuta mlango umefungwa.

Basi, historia yatufundisha nini? Yatufundisha mambo matatu.

La kwanza, tuandike, tena kwa majina. Umeona hesabu za Makobola: 500, 612, zaidi ya 800. Anayetaka kukana hufurahi akiona hesabu zinapishana. Katekista hawezi kusema, “Nimebatiza watoto wengi.” Huandika jina la mtoto, la baba, la mama, na tarehe. Wafu wetu nao wastahili daftari la namna hiyo: jina, umri, kijiji, na jamaa aliyebaki. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 imeweka msingi wa kuwafidia watu walioumizwa na vita katika Kongo. Asiyeandikwa atadaije?

La pili, tuchange wenyewe. Wameru walimtuma mtu wao kwa fedha yao, kwa hiyo alisema waliyomtuma. Msaada wa wageni si mbaya, lakini anayelipa nauli mara nyingi hutaka kuchagua na maneno.

La tatu, mjumbe arudi atoe hesabu. Wako watu wanaokwenda mikutanoni wakasema, “Sisi wananchi wa Fizi,” na wananchi wa Fizi hawakuulizwa neno. Huo ni ule ule ubaya wa Berlin, ila umevaa nguo mpya. Mjumbe wa kweli hukusanya watu kabla ya safari, na baada ya safari huwakusanya tena, awaambie lililokubaliwa na lililokataliwa.

Sauti ya kijiji ilifika New York mwaka 1952, na mwaka 1999 ilifika tena. Mara zote mbili ilisikiwa, na mara zote mbili haki haikutimia upesi. Tusikate tamaa kwa hilo. Lontulu alipokusanya vijiti vyake hakujua kama waamuzi wangemsadiki; alijua tu kwamba asipowataja watu wake, hapana mwingine atakayewataja. Wazee waliokuwa wakubwa mwaka 1998 wanatuacha mmoja mmoja, na kila anayezikwa aondoka na majina kifuani mwake. Tuwafuate wangali hai, tukae nao, tuandike.