Wastani wa Mvua na Mashamba ya Karanga

Jioni hii twataka kusimulia habari ya namba moja ndogo iitwayo wastani, na jinsi ilivyohusika na nchi ya Nachingwea na Ruangwa, hata reli ikajengwa huko na misitu ikaangushwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wa Uingereza walipungukiwa na mafuta ya kupikia. Mwezi wa Machi 1946 Bwana Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, alileta shauri kwa Serikali yake kwamba karanga zilimwe Tanganyika kwa mitambo. Mwaka uo huo Bwana John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, alitumwa pamoja na wenziwe wawili kuitazama nchi. Walizunguka majuma tisa, wakaandika kwamba ekari 3,210,000 zafaa kulimwa, yaani mashamba 107 yenye ekari 30,000 kila moja. Sehemu iliyo kubwa kuliko zote ilikusudiwa Jimbo la Kusini, bara ya Lindi na Mtwara. Lakini kusini hakukuwa na reli wala bandari kubwa, basi kazi ilianzia Kongwa katika Ugogo, karibu na Reli ya Kati.

Mtu apimaye nchi kwa kilimo hana budi kuuliza: mvua yake ni kiasi gani? Na jibu apewalo mara nyingi ni wastani. Wastani ni hesabu nyepesi: jumlisha mvua ya miaka yote, kisha gawanya kwa idadi ya miaka. Hatuudharau, bila huo tungebeba daftari zima kila tutakapo kusema neno moja. Lakini sikilizeni mfano huu, ambao tumeutunga wenyewe kwa ajili ya kufundishia. Shamba la kwanza lilipata kwa miaka mitano inchi 29, 31, 30, 28 na 32. Shamba la pili lilipata inchi 36, 34, 12, 35 na 33. Jumla ya kila shamba ni 150, na wastani wa kila moja ni 30. Kwa wastani hayo ni ndugu pacha. Lakini mwenye shamba la pili, katika mwaka ule wa tatu, watoto wake walilala njaa.

Tulipowapa wanafunzi wetu wa ualimu namba hizi, wengi walijibu upesi kwamba mashamba ni sawa. Tukatoka nje, tukawaambia wapange karanga mchangani, karanga moja kwa kila inchi, mstari mmoja kwa kila mwaka. Walipofika mstari wa inchi 12 mmoja wao akasema, "Mwalimu, hapa pamevunjika." Hiyo ndiyo kazi ya mchoro. Jicho huona pengo kabla ya akili kumaliza kugawanya. Tena ukizipanga namba za shamba la pili kwa ukubwa, ile ya katikati ni 34, nayo yapita wastani. Kwa maana mwaka mmoja mbaya umeuvuta wastani chini. Na toka mwaka mkavu hata mwaka wa mvua nyingi pana tofauti ya inchi 24, ambapo kwa shamba la kwanza ni inchi 4 tu. Mwenye kutaja wastani na asitaje tofauti hii amesema nusu ya habari.

Wagogo hawakuwa na daftari la wastani, walakini walikumbuka miaka mibaya kwa majina. Njaa ya mwaka 1919 na 1920 waliiita Mtunya, na wazee waliweza kuisimulia. Hiyo nayo ni takwimu, ya namna yake. Huko Kongwa, katika msimu wa 1948 na 1949, mvua zikawa haba, na ule udongo wenye mfinyanzi ukakauka ukawa mgumu kama saruji, hata karanga zisichimbike.

Tusiseme kwamba mvua peke yake ndiyo iliyoharibu. Mitambo ilikuwa mikuukuu, na visiki vya Kongwa vilivunja majembe. Mwaka 1947 walikusudia ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kiasi cha 7,500. Chora nguzo mbili kwenye karatasi. Kama ya kwanza ina urefu wa inchi 20, ya pili itakuwa inchi 1. Mchoro wa namna hii ulianza na Bwana William Playfair, Mskoti, katika kitabu alichotoa mwaka 1786. Alitaka kuonyesha biashara ya Scotland, akawa na hesabu za mwaka mmoja tu, nao 1781. Kwa kuwa mwaka mmoja hauwezi kufanya mstari upandao na kushuka, alichora nguzo, mbili mbili kwa kila nchi iliyofanya biashara nayo. Playfair aliona haya kidogo kwa upungufu wa hesabu zake, wala hakuuficha. Laiti wapimaji wote wangekuwa na haya hiyo!

Nachingwea palikuwa na heri kuliko Kongwa, kwa kuwa mvua zake ni nyingi zaidi. Hata hivyo mkulima wa Kimwera haulizi jumla ya mwaka. Auliza kama mvua itaanza Novemba au itakawia hata mwisho wa Desemba, na kama jua litakatiza katikati ya msimu wakati mazao yanapotoa maua. Inchi 30 zilizoanguka kwa mafuriko ya majuma machache si sawa na inchi 30 zilizogawanyika vema, ijapokuwa daftari la mwaka litaandika namba ile ile. Kwa hiyo mchoro umfaao ni wa mwezi kwa mwezi; na wa Ruangwa uchorwe mbali na wa Nachingwea, ijapokuwa Ruangwa ilikuwa ndani ya wilaya ya Nachingwea kabla ya mwaka 1995, kwa maana wingu linyeshalo upande mmoja wa vilima huenda lisiufikie upande wa pili.

Mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza iliuacha mpango ule mkubwa, ikafuta deni la pauni milioni 36 hivi. Mashamba machache ya Nachingwea yaliendelea kwa majaribio. Reli iliyotoka Mtwara ilikuwa imetengenezwa kuchukua karanga za maelfu ya ekari. Shehena haikutosha, ikafungwa mwaka 1962.