Mbeleko na Usingizi wa Mchana katika Ugogo

Katika uwanda wa kati wa Tanzania, ambako mvua huwa na msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, kazi ya mwanamke wa Kigogo haikuweza kungoja mtoto akue. Palizi ya uwele na mtama ilipofika, mama alikwenda shambani na mtoto akiwa mgongoni, amefungwa kwa ngozi iliyolainishwa kwa mafuta, ambayo baadaye ilipisha kaniki na kanga. Hiyo ndiyo mbeleko, yaani ngozi au kitambaa cha kumbebea mtoto, nayo ndiyo iliyokuwa kitanda cha mchana cha vizazi vingi vya Ugogo.

Mtoto aliyebebwa hivyo hakuwa na saa maalumu ya kulala. Alisinzia mama alipoinama kupalilia, akaamka na kutazama mikono ikipeta nafaka, kisha akalala tena. Mama alipochoka, mtoto alihamia mgongoni kwa dada au shangazi, na hata penye muheme, ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huipiga wakiwa wameibana katikati ya mapaja, usingizi ulimkuta papo hapo. Mchana wake wote ulikuwa kuona kidogo na kulala kidogo.

Thamani ya mpangilio huo imeanza kueleweka kitaalamu hivi karibuni. Mwaka 2015 Sabine Seehagen na wenzake walichapisha utafiti ambamo watoto wa miezi 6 na 12 walionyeshwa jinsi ya kuvua glavu ya kikaragosi, kuitikisa na kuirudisha. Waliolala kwa dakika 30 au zaidi ndani ya saa nne baada ya somo hilo waliweza kuyaiga matendo hayo, hata siku iliyofuata, ilhali wale ambao hawakulala hivyo hawakuonyesha dalili ya kukumbuka. Maelezo ya wataalamu wengi ni kwamba hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayopokea kumbukumbu mpya, bado ni changa kwa mtoto na hulemewa upesi, na kwamba wakati wa usingizi yaliyopokelewa huimarishwa katika tabaka la nje la ubongo. Haifai kudai kwamba wazee wa Ugogo waliyajua hayo, kwa kuwa mbeleko ilikusudiwa usalama wa mtoto na wepesi wa kazi. Lakini iliuweka usingizi karibu sana na yale ambayo mtoto alikuwa ametoka kuyaona.

Maisha yaliyoubeba mpangilio huo yamebadilika. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliyakusanya makazi ya tembe yaliyotawanyika kuwa vijiji, na uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, ambao utekelezaji wake ulishika kasi kuanzia 2016, umeleta akina mama wengi wa ofisini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na akirudi kazini, muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha. Saa zinazobaki mtoto huwa kwa msaidizi wa nyumbani au katika kituo cha kulelea watoto. Kituo kinachowalaza watoto wachanga wote kwa kengele moja, au kinachomzuia mtoto asilale ili alale vizuri usiku, kinamnyima kile ambacho mtoto wa mbeleko alikipata bila ratiba mgongoni kwa mama yake. Mzazi anayekwenda kuandikisha mtoto na aulize kwanza mahali pa kulala, na kama mtoto huachwa alale usingizi unapomjia.