Sifuri ya Kipimapembe na Mipaka ya Nchi Yetu

Katika mfuko wa mtoto wa shule hapa Musonoi hakikosekani kipande cha plastiki chenye umbo la nusu duara, kilichojaa mistari midogo na safu mbili za namba. Kwa Kifaransa cha shule watoto wanakiita raporteri; kwa Kiswahili cha vitabu ni kipimapembe. Wengine hukitumia kuchorea mwezi na maua tu pembeni mwa daftari. Lakini chombo hiki kina historia ndefu, nayo imefika hata katika mipaka ya nchi yetu. Hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza.

Kwanza tujue namna ya kukitumia, maana yote yatakayofuata yanategemea jambo hili dogo. Pembe ni uwazi ulio kati ya mistari miwili inayokutana. Urefu wa mistari yenyewe hauna neno: pembe ya ukurasa na pembe ya uwanja wa mpira zaweza kuwa sawasawa kabisa. Basi weka alama ya katikati ya kipimapembe juu ya ncha, pale mistari inapokutana. Laza mstari wake wa sifuri juu ya mstari mmoja wa pembe. Kisha hesabu kuanzia sifuri hiyo hata ufikie mstari wa pili, usome digrii zake. Hapa ndipo wanaoanza wanapopotea, kwa sababu safu moja ya namba inaanzia kulia na nyingine kushoto. Asomaye safu isiyo yake ataandika 120 mahali pa 60. Dawa yake ni macho: kona ya daftari ni digrii 90, nayo pembe iliyo nyembamba kuliko kona ya daftari haiwezi kamwe kuwa 120.

Mtoto mwenye akili atauliza, kwa nini duara zima ni digrii 360, wala si 100? Jibu linatoka Babeli ya kale. Watu wa kule walihesabu kwa sitini sitini, kama sisi tunavyohesabu kwa kumi kumi, na wataalamu wengi wanafikiri kwamba siku za mwaka, zilizo karibu na 360, nazo ziliwavuta. Wagiriki walipokea hesabu hiyo, na Ptolemayo, aliyekaa Aleksandria ya Misri katika karne ya 2, aliitumia kuandika mahali pa nyota na pa miji. Kila digrii aliikata dakika 60, vilevile kama saa. Tena namba 360 ni rahisi kugawa: kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, kwa tano, kwa sita, haibaki kitu.

Tusidhani kwamba kupima pembe kuliletwa Afrika na meli za Ulaya. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, alipewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Mreno João de Barros ameandika kwamba rubani huyo alionyeshwa chombo cha mbao cha kupimia urefu wa jua, wala hakushangaa hata kidogo. Mabaharia wa bahari ile walikuwa na vyombo vyao, na kimoja ni rahisi ajabu: kibao kidogo chenye kamba ya mafundo. Baharia alishika fundo kwa meno, akanyosha kamba, akaona nyota imepanda kiasi gani juu ya bahari. Alihesabu kwa vidole, na kidole kimoja kilikuwa kama digrii moja na nusu na kidogo zaidi.

Sasa tuje kwenye dunia yenyewe. Kujua umbali wa mahali kutoka Ikweta, kwenda kaskazini au kusini, si kazi ngumu: jua na nyota zinakuambia. Lakini kujua umbali wa mashariki na magharibi ni taabu kubwa. Dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa kila saa moja, na digrii 1 kwa dakika 4 za saa. Kwa hiyo msafiri alipaswa kuchukua saa isiyokosea, akiibeba miezi mingi kwa miguu, katika mvua na mito. Ikikosea dakika 1 tu, katika nchi kama yetu ataweka kijiji karibu kilometa 27 mbali na mahali pake.

Tena yafaa kujua sifuri iko wapi. Ikweta imewekwa na maumbile, lakini mashariki na magharibi hazina mwanzo, na zamani kila taifa lilianza kuhesabu panapolipendeza, Wafaransa kwa Paris, Waingereza kwa Greenwich. Mwezi wa Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, na wengi wao wakakubali Greenwich iwe sifuri ya wote. Mwezi uliofuata, tarehe 15 Novemba, ukafunguliwa mkutano wa Berlin juu ya mambo ya Afrika. Sisi hatusemi kwamba mkutano mmoja ulifanywa kwa ajili ya mwingine. Lakini mtu anayeshika kipimapembe atatambua mara moja: sifuri imekwisha kulazwa, sasa mistari yaweza kuchorwa.

Ikachorwa kweli. Tarehe 1 Agosti 1885 Leopold II alitangaza mipaka ya Dola yake ya Kongo. Upande wa mashariki alitaja longitudo ya digrii 30, kushuka mpaka latitudo ya digrii 1 na dakika 20 kusini. Kutoka hapo mstari mnyofu mpaka ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika. Angalieni ramani ya leo, mlaze rula. Mstari ule unapita mashariki ya ziwa Kivu, ndani kabisa ya nchi ya Rwanda! Mwami Rwabugiri, aliyetawala kule, hakuulizwa. Wala waliochora hawakujua wanakata nini, kwa kuwa Mzungu wa kwanza kufika ziwa Kivu, Mjerumani von Götzen, alifika mwaka 1894, miaka tisa baada ya mstari kuchorwa.

Hapo ugomvi ukazuka. Wajerumani walisema mpaka uwe ziwa na mto Ruzizi. Watu wa Kongo walishika maandishi yao. Waingereza nao wakadai milima ya kaskazini. Ilibidi wapimaji watumwe nyikani wakatafute digrii 30 iko wapi hasa. Mwisho, mwaka 1910, mataifa yale matatu yalipatana Brussels kuacha mistari ya kipimapembe mahali pengi, na kufuata ziwa, mto na milima ya volkano. Kisiwa cha Idjwi kikawa cha Kongo. Lakini watu wasemao Kinyarwanda wakajikuta chini ya serikali tatu, na matata ya mpaka ule tumeyasikia hata katika siku zetu.

Karibu na kwetu upo mfano mwingine. Tarehe 12 Mei 1894 Waingereza na Leopold walipatana juu ya mpaka wa Katanga. Ufuate mto Luapula mpaka unapotoka ziwa Bangweulu. Kutoka hapo ushuke kusini moja kwa moja juu ya longitudo ya mahali hapo, hata kukuta kilele cha maji kati ya Kongo na Zambezi. Kwa karatasi ni maneno mepesi. Lakini Bangweulu ni matope na matete mengi sana, na nani ataonyesha kwa kidole mahali mto unapotoka ziwani? Katika miaka ya 1911 hadi 1914 tume ya Waingereza na Wabelgiji ilitembea mpakani na teodoliti, ikisimamisha nguzo. Ndivyo ulivyopatikana ule ulimi wa Kongo ulioingia ndani ya Zambia, na ndiyo sababu wasafiri wa Zambia waendao Mansa kutoka Mufulira hukata njia katika nchi yetu. Walamba wakabaki pande zote mbili za mpaka, mashamba huku na wajomba kule.

Teodoliti ni ndugu mkubwa wa kipimapembe. Wakaaji wa Musonoi wamewaona wapimaji kando ya shimo la mgodi, wakiinama juu ya chombo chenye miguu mitatu. Kazi yao ni ileile ya mtoto darasani: katikati juu ya ncha, sifuri juu ya mstari unaojulikana, ndipo kusoma.

Anayetaka kujaribu asingoje teodoliti. Saa zetu za Katanga zinafuata ileile longitudo ya 30, nayo Kolwezi iko digrii 25 na dakika 28. Kwa hiyo jua letu huchelewa, kwa wastani, kama dakika 18 nyuma ya saa ya ukutani. Tarehe 21 Machi au 23 Septemba, simamisha fimbo ya meta 1, wima kabisa, uwanjani. Ngoja baada ya saa sita ya mchana, ukipiga alama ya kivuli kila dakika chache, mpaka kivuli kiwe kifupi kuliko vyote. Kitaelekea kusini, na kitakuwa kama sentimeta 19. Chora fimbo na kivuli kwenye daftari kwa kipimo kidogo, unganisha ncha zao, upime pembe iliyo juu, kwenye kichwa cha fimbo. Utapata karibu digrii 11, nayo ndiyo latitudo yetu hapa Kolwezi, digrii 10 na dakika 43 kusini ya Ikweta. Mwenzako akisoma 12, mwambie amewahamisha watu wa Musonoi zaidi ya kilometa 100, hata kuwavusha mpaka wa Zambia.