Frank Plummer, daktari aliyesomeshwa na Majengo

Majengo ya Pumwani haiko mbali na Mathare. Eastleigh ndiyo iliyo katikati. Ni mtaa ambao Waswahili na Waislamu walikuwa miongoni mwa wenyeji wake wa mwanzo, tangu miaka ya 1920. Hapo ndipo Profesa Frank Plummer, daktari wa magonjwa ya kuambukiza aliyezaliwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1952, alipopata jina.

Alikuja Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kupitia ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Manitoba. Kilichomleta ni magonjwa ya zinaa: kisonono na vidonda vya sehemu za siri. Mwaka 1985 damu ya wanawake wa Majengo waliofanya biashara ya ngono ilipimwa. Takriban thuluthi mbili walikuwa na virusi vya ukimwi, wakati ambapo wengi bado waliuona ukimwi kuwa maradhi ya wanaume wa Marekani.

Vipimo peke yake havingeokoa mtu. Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi Mkenya, ndiye aliyewakusanya wanawake hao, wakafundishana wao kwa wao na kushika matumizi ya kondomu. Kwa maoni yangu, bila yeye Plummer asingefika popote.

Kisha likaonekana jambo la ajabu. Wanawake wachache walikaa miaka na miaka katika kazi ile bila kuambukizwa. Utafiti wao ulichapishwa 1996, ukaamsha matumaini ya chanjo. Baadaye ikagunduliwa kwamba baadhi yao walioacha kazi kwa muda kisha wakairudia waliambukizwa. Chanjo haijapatikana hadi leo. Madaktari wanasomwa kwa majina, wanawake kwa nambari. Ni siri ya mgonjwa, sawa, lakini deni liko palepale.

Baada ya miaka 17 Kenya, Plummer alirudi kwao kuongoza maabara ya taifa ya vijidudu huko Winnipeg, iliyokabili SARS mwaka 2003 na kushiriki kutengeneza chanjo ya Ebola.

Alifariki Nairobi tarehe 4 Februari 2020, akiwa na miaka 67. Alikuwa amekuja kuadhimisha miaka 40 ya ushirikiano ule ule uliomleta ujanani.