Pombe kabla ya miaka 18: mwanafunzi, mzazi na muuzaji wanajibu nini

Kila mwaka majibu ya Exetat yakitangazwa, wafinalisti wa bonde la Ruzizi wanamwagiana poda, wanaimba, na jioni wengi wanaishia nganda. Katogota iko kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Bukavu na Uvira, kwa hiyo sherehe inafanyika pembeni ya malori na pikipiki. Kati ya vijana hao kuna wenye miaka 17, hata 16, ambao kisha likizo wataingia chuo kikuu.

Katika Congo umri wa kununua pombe ni miaka 18. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inasema mtoto ni yeyote asiyetimiza miaka hiyo, na Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema vilevile. Kuingia chuo hakubadilishi kitu. Mwenye miaka 17 ni mtoto, hata kama amepanga chumba chake Uvira. Na kasiksi ya nyumbani nayo ni pombe, ingawa wazazi wengi wanaihesabu kama juisi.

Shida inaanzia kwenye kadi ya mpiga kura, ambayo watu wanaitumia kama kitambulisho. Katika uandikishaji wa 2022 na 2023, CENI iliandikisha pia wenye miaka 17 ambao wangetimiza 18 kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023. Wengine walidanganya umri tu. Kijana wa namna hiyo ni mkubwa akiwa nganda, lakini polisi ikimkamata njo anakumbuka kwamba ni mtoto, na mama anakuja mbio na cheti cha kuzaliwa. Sheria haimkatalii: penye shaka juu ya umri, inamhesabu kuwa mtoto. Lakini kuwa mtoto hakumaanishi kwamba hakuna kitu kitafuata.

Chukua mfano wa mwanafunzi aliyelewa, akaazima pikipiki, akamgonga mtu akafa. Akiwa chini ya miaka 14, sheria inaona hana hatia ya jinai. Kuanzia 14 mpaka kabla ya 18, anapelekwa Tribunal pour enfants. Jaji anaweza kumkaripia na kumrudisha kwa wazazi wamchunge, ao kumweka kwa familia ingine ao katika kituo. Akiwa ametimiza 18, hata kama ni jana tu, anajibu kama mkubwa: kuua bila kukusudia kunaadhibiwa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini.

Halafu kuna pesa, na hapo ndipo familia nyingi zinashangaa. Kifungu cha 260 cha kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia kinampa baba deni la hasara iliyofanywa na mtoto anayeishi naye; baba akifariki, linamwangukia mama. Mzazi anaepuka tu akionyesha kwamba hakuweza kuzuia jambo lile. Neno "anayeishi naye" linaleta mabishano makali kwa mwanafunzi aliyepanga chumba mjini huku baba yuko Katogota analima mpunga na kutuma pesa ya kodi.

Kwa mwenye nganda, urefu wa mteja na ndevu zake si kitambulisho. Kama anaijua familia ya kijana, na kijijini anaijua, kadi yenye umri wa uongo haimsaidii sana kusema hakujua.

Kwingine mpaka uko juu zaidi. Marekani ilisukuma majimbo yake yafike miaka 21 kwa sheria ya 1984, na mwaka 2008 wakuu wa vyuo zaidi ya mia moja waliomba jambo hilo lijadiliwe upya, maana wanafunzi walikuwa wanakunywa kwa kujificha. Kenya nayo, katika siasa yake mpya ya 2025, imependekeza 21.

Mzazi anayetaka umri wa mtoto wake usibishaniwe anapaswa kumwandikisha etat civil ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Muda huo ukipita, cheti kinapitia kwanza hukumu ya tribunali.