Kichomi na Dawa Yake

Alimbongo iko juu katika milima ya Lubero, kusini ya Butembo, na baridi yake inajulikana kwa kila apitaye njia ya Kanyabayonga. Mtoto akikohoa na kuhema upesi, wazee husema baridi imemwingia kifuani. Hawakosi kabisa, maana kulala wengi katika nyumba iliyofungwa, yenye moshi, huufungulia ugonjwa mlango. Lakini mwuaji mara nyingi ni kijidudu kiitwacho nyumokoki.

Mwaka 1881 kiligunduliwa na watu wawili wasioulizana: Pasteur kule Ufaransa, na Sternberg, daktari wa jeshi la Marekani. Sternberg alikipata katika mate yake mwenyewe, naye ni mzima! Ndiyo tabia yake hata leo. Hukaa kimya puani mwa watoto wengi, kisha kwa mmoja hushuka mapafuni kikaleta kichomi, au hupita damuni mpaka kwenye utando wa ubongo, ndiyo homa ya uti wa mgongo.

Kabla ya dawa kupatikana, Waafrika walikufa nacho wengi mno. Katika machimbo ya dhahabu ya Johannesburg, vijana waliotoka Nyasaland na Msumbiji ya kaskazini walianguka kwa kichomi, hata mwaka 1913 serikali ikakataza kuandikwa kwa watu wa nchi za joto. Daktari Wright alikuwa ameitwa huko mwaka 1911 kujaribu chanjo, nayo haikufaa sana. Wenye machimbo walihesabu vibarua waliopotea. Sisi twahesabu wana wa watu.

Penisilini ndiyo iliyogeuza mambo. Fleming aliiona London mwaka 1928, na wataalamu wa Oxford wakaanza kuwatibu wagonjwa kwayo mwaka 1941. Kijidudu nacho hakikulala: mwaka 1977, kule Durban, vilionekana vya namna isiyosikia penisilini wala dawa nyingine kadhaa. Basi vidonge viwili vitatu vya kununua sokoni, visivyomaliza siku zake, ni hatari kwa jirani pia. Siku hizi kichomi cha mtoto hutibiwa kwa amoksisilini, na uti wa mgongo kwa sindano za seftriaksoni.

Kongo ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2011, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo hiyo ilikinga aina 13, na aina za kijidudu hiki ni karibu 100. Kwa hiyo hata aliyechanjwa, akiwa na umri wa mwaka mmoja hadi mitano, akikohoa na kuhema mara 40 au zaidi kwa dakika moja, apelekwe kwa mganga wa hospitali siku ile ile.